Sifuri kwa Penseli

Daftari la kampuni lina safu nne:
tarehe, namba ya nguzo, aina, idadi.
Ya tano nimeichora mwenyewe kwa rula ya mwanangu.
Haina kichwa.

Machi. Nguzo ya mia mbili na kumi na saba. Tandawala. Mmoja.
Safu ya tano: *mdomoni panzi angali hai, anapiga teke.*

Mimi Luhende wa Igunga, mpita chini ya waya.
Baiskeli, buti za mpira, chupa ya uji.
Masika, udongo mweusi wa Wembere hushika mguu kama mdai;
kiangazi hupasuka nyufa za kumeza simu.
Yangu imo humo mpaka leo.

Siku ya kutia saini nilitumwa kupanga viti.
Upande huu kampuni, mashati yamepigwa pasi,
upande ule wanyamapori, yaani Nyanzobe peke yake
na faili lililofungwa kwa mpira wa tyubu.
Soda, karanga, feni lisilozunguka.
Ibara ya pili: visahani vya kumeta vitatundikwa kwenye waya,
nguzo ya mia mbili hadi ya mia mbili na arobaini.
Ibara ya nne: mitambo haitaingia mbugani
tangu mvua za kwanza hadi makinda yatembee.
Ibara ya tisa: mkataba huu ni wa hiari.
Upande wowote waweza kujitoa kwa notisi ya siku sitini.

Hiari.
Mhandisi alilipita neno lile haraka
kama mtu avukaye daraja la magogo.
Wahenga walisema hiari yashinda utumwa;
hawakusema kama yashinda bajeti.

Nje, tukirudisha viti, nikamuuliza Nyanzobe:
Na mwakani wakijitoa?
Akajibu kitu kingine:
Tandawala akiruka hutazama chini, anatafuta chakula.
Mbele haoni. Huwezi kumsomea sheria.
Mtundikie kitu kimete, labda atainua kichwa.
Sikujua kama alisema habari za ndege tu.

Mama yangu hili halimwingii.
Waya wapita juu ya kiwanja chetu ukienda mgodini,
usiku wavuma kama nyuki wasiotua,
na sisi chini yake twatafuta chumvi kwa kibatari.
"Ndege kafungiwa visahani," asema,
"mimi sijafungiwa hata balbu."
Nikatafuta jibu.
Nikachochea moto.

Visahani viwili vimeshaangushwa kwa kombeo.
Kimoja kiko shingoni mwa ndama wa kina Ngassa,
ang'aa kuliko bibi harusi.
Nimekiandika. Safu ya tano.

Lakini mvua za kwanza zilipopiga
katapila lilikuwa barabarani, limefunikwa turubai,
na Mhoja, dereva wake, chini ya turubai
akicheza drafti kwa vizibo vya soda.
Wiki ya kwanza. Ya sita. Ya kumi.
Hakuna askari aliyelizuia.
Karatasi tu, na aibu ya walioitia saini.
Mwezi ule nusura nikanyage mayai mawili,
ardhi tupu, wala kiota,
rangi ya tope linaloanza kukauka.
Nikarudi kinyumenyume hadi kwenye baiskeli.

Jumatatu hii nimepita nguzo zote arobaini.
Manyoya, hakuna. Mfupa, hakuna.
Ila fisi huamka kabla yangu, na mbweha,
na sifuri ya fisi na sifuri ya visahani
zaandikwa kwa duara lile lile.
Nimeiandika kwa penseli.

Safu ya tano:
*nyasi zimetikisika. Upepo hakuna.*